Mkwaruzo wa Sauti katika Muziki wa Mrima: Kutoka Utando wa Buibui hadi Kompyuta

Miongoni mwa mambo ya muziki ambayo Kiswahili bado hakijayapa jina la kutulia, limo badiliko lile la sauti linalotokea mtambo unapobebeshwa nguvu kuliko uwezo wake. Sauti ya mwimbaji au ya gitaa huingia ikiwa laini, na hutoka ikiwa na miiba. Wafasiri wengine huliita jambo hili upotoshaji wa sauti, wengine huliita uharibifu. Mafundi wa mitaani hawajisumbui na istilahi, husema tu kwamba sauti inakwaruza au spika imepasuka. Pasingekuwa na neno la kubishania kama jambo lenyewe lingekuwa kasoro siku zote. Lakini programu za kompyuta zinazotengenezea muziki leo zina vifaa vingi ambavyo kazi yao ni hiyo moja tu, kukwaruza sauti kwa kiasi na kwa namna anayoitaka mtumiaji, na watu hutoa fedha kuvipata. Mtu hanunui kasoro. Tena katika pwani ya Mrima, toka Bagamoyo hata Dar es Salaam, sauti ya aina hii imefanyiwa kazi kwa makusudi katika vyombo vingi, vya umeme na visivyo vya umeme. Historia hiyo yafaa itazamwe kabla jina halijapigwa muhuri.

Mahali pa kuanzia ni Bagamoyo, ijapokuwa chombo cha kuanzia si cha Bagamoyo kwa asili. Ilimba ni chombo cha Wagogo wa bara: sanduku la mti lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa juu yake, navyo hupigwa kwa vidole gumba. Ilishuka pwani kwa njia ile ile iliyopitwa zamani na misafara ya pembe, maana misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa haina budi kuikata nchi ya Ugogo. Na hata leo mtu atokaye Dodoma kwa barabara hupita Morogoro, akaingia Ubena, kisha Chalinze, ndipo akageukia pwani. Aliyeifanya ilimba ionekane kama chombo cha Bagamoyo ni Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa wa Dodoma. Aliitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wakati wa Mwalimu Nyerere, akaingia katika kazi ya ngoma za taifa, na baadaye akawa mmoja wa walimu wa Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981. Chuo hicho tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zawose alifariki Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 2003, na jamaa zake wanaendelea na kazi hiyo mjini humo. Albamu ya Maisha ya mwaka 2024 imetoka katika ukoo huo.

Msikilizaji aliyezoea kinanda cha Kizungu, akiisikia ilimba kwa mara ya kwanza, aghalabu hudhani kwamba kuna kitu kilicholegea ndani ya sanduku. Kila kijiti kinapopigwa, sauti yake hufuatwa na mvumo mkavu kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Hakuna kilicholegea. Katika ubao wa mbele hutobolewa matundu madogo, na matundu hayo huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Ni kitu chepesi kama karatasi ya sigara. Hewa iliyomo sandukuni inapotikisika, utando hutikisika pia. Lakini kwa kuwa ni mwembamba na umeshikwa kando kando, hauwezi kuifuata mitetemo hiyo kwa uaminifu. Hukwama, hugonga, hurudi kabla ya wakati wake. Huko kushindwa kufuata ndiko kunakozaa sauti nyingine juu ya ile ya kijiti.

Hapo pana jambo ambalo mtaalamu wa lugha hana haja ya hisabati nyingi kulielewa, na bila ya hilo mengine yote hayatafahamika. Tuseme kijiti kinatoa mitetemo 200 kwa sekunde. Kitu chochote kinachopokea mitetemo hiyo na kuirudisha isivyo sawa huongeza mitetemo mingine ambayo haikuwako: 400, 600, 800, 1,000 na kuendelea. Kama vilele vya wimbi hukatwa sawasawa juu na chini, zinazoongezeka ni zile za hesabu ya witiri, yaani 600, 1,000, 1,400. Kama hukatwa upande mmoja kuliko mwingine, za shufwa nazo huingia. Utando wa buibui, koni ya spika iliyochanika, waya wa redio uliozidiwa, na programu ya kompyuta, vyote hufanya kazi hiyo moja. Hutofautiana katika namna ya kukata, na sikio hutambua tofauti hiyo mara moja.

Wala ilimba si peke yake. Kusini, katika nchi ya Songea na ukingo wa Ziwa Nyasa, wachezaji wa mganda hupuliza malipenga, yaani vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa tundu kwa utando wa buibui. Mpigaji haimbi maneno; huvumisha sauti yake ndani ya kibuyu, nayo hutoka ikinguruma. Ngoma hiyo ni mtoto wa beni, ile iliyoenea pwani tangu zama za Wadachi kwa vyama vya Marini na Arinoti, na ambayo historia yake iliandikwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Beni ya mjini ilitamani bendi ya askari na tarumbeta za shaba. Waliorudi vijijini baada ya vita vya kwanza hawakuwa na shaba, lakini walikuwa na vibuyu na buibui, na wakagundua kwamba utando uliokwaruza ulileta ukali wa shaba karibu zaidi kuliko filimbi yoyote safi. Basi mkwaruzo hapa ulikuwa njia ya kukipata kitu kilicho mbali, na kwa njia hiyo watu wa mganda wanastahili kuhesabiwa pamoja na mafundi wa kompyuta wa leo, wanaoiga mitambo ya zamani wasiyoweza kuinunua.

Kwa Bagamoyo yenyewe, shahidi wa kwanza wa kutegemewa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na mji huo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Ngoma zina nafasi kubwa humo. Lakini Mtoro, kama waandishi wote wa zamani, anaeleza zaidi nani alicheza, nani alilipa na nani alishindana na nani. Mlio wenyewe aliuacha, kwa kuwa kila msomaji wake wa pwani alikuwa ameusikia. Ni hasara kwa wa leo, lakini haifai kumlaumu.

Jambo lililogeuza mambo ni kunaswa kwa sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kuimba kwa ajili ya santuri, na tangu hapo sauti ya watu wa pwani ikaanza kuwa bidhaa inayopimwa kwa kipimo cha mtambo. Santuri za siku hizo zilikuwa na mkwaruzo wao wa sindano, na mkwaruzo huo hakuutaka mtu. Ulikuwa kodi iliyolipwa ili kumsikia Siti akiwa Unguja nawe uko Mombasa. Tangu siku hizo kazi ya mhandisi wa sauti ikahesabiwa kuwa ni kupunguza kodi hiyo, na kila mtambo mpya ukasifiwa kwa uaminifu wake. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa vijijini, na alipoanzisha maktaba yake ya muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alikuwa na vyombo bora kuliko vya mwaka 1928, navyo vilinasa mvumo wa utando pamoja na mlio wa kijiti. Hapo ndipo palipozaliwa utata ambao haujakwisha: katika ukanda mmoja mna mikwaruzo miwili, mmoja wa chombo na mmoja wa mtambo, na wa kwanza ni muziki, wa pili ni uchafu. Anayesikiliza bila ya kuijua ilimba hawezi kuitenganisha.

Huko Marekani na Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na yatosha kuyataja kwa ufupi. Mwaka 1961, katika studio ya Nashville, kipande cha gitaa la besi alichopiga Grady Martin katika wimbo wa Marty Robbins kilitoka kikinguruma kwa sababu ya ubovu wa mtambo. Badala ya kukifuta, wakakiacha, na mwaka uliofuata kampuni ya Gibson ikauza kisanduku cha kuufanya ubovu huo kwa kubonyeza mguu. Mwaka 1964 Dave Davies wa kikundi cha Kinks aliikata koni ya spika yake kwa wembe. Vitabu vingi vya historia ya muziki huanzia hapo, kana kwamba kabla ya wembe huo hapana mtu duniani aliyetaka sauti iliyochanika.

Mchiriku unaonyesha vingine. Muziki huu ulikua miongoni mwa Wazaramo na majirani zao katika vitongoji vya Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1980, katika harusi na sherehe za unyago na mikesha ya mitaani, ukasambaa kwa kanda za kaseti. Vyombo vyake ni ngoma, pengine kigoda kinachopigwa kwa vijiti, na juu ya hivyo kinanda kidogo cha Casio. Vinanda vya namna hiyo vilianza kuuzwa na kampuni hiyo ya Japani mwaka 1980, na vile vidogo vilikusudiwa watoto na wanaojifunza nyumbani. Sauti yake yenyewe ni nyembamba na ya adabu. Lakini mpiga mchiriku hakuipeleka kwa wasikilizaji kama ilivyo. Aliipitisha katika amplifaya ndogo iliyofunguliwa hata mwisho, na kutoka hapo katika vipaza sauti vya umbo la tarumbeta, vile vile vinavyowekwa juu ya minara ya misikiti na magari ya matangazo. Kipaza cha namna hiyo kina tabia yake: hakijui sauti nene, huzitupa, lakini zile za kati, zinazobeba maneno ya binadamu, huzisukuma mbali sana. Basi Casio iliyoingia ikiwa na adabu ilitoka ikiwa na makali ya zumari, ikapenya juu ya ngoma na juu ya kelele za umati bila ya msaada.

Iko hoja, nayo ni nzito, kwamba haya yote ni ufukara tu: walipiga kwa spika mbovu kwa kuwa nzuri hawakuwa nazo. Ni kweli kwamba hawakuwa nazo. Lakini ufukara hueleza jinsi kitu kilivyoanza, hauelezi kwa nini kiliendelea. Kikundi cha Jagwa kiliponaswa kwa ajili ya albamu ya Bongo Hotheads, iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka 2012, hapakuwa na upungufu wa mitambo ya kuisafisha sauti. Casio ikaachwa na makali yake. Kampuni hiyo hiyo ilikwisha kutoa, mwaka 2004, albamu ya Congotronics ya kikundi cha Konono No. 1 cha Kinshasa. Mawangu Mingiedi na wenzake walikuwa wameitia likembe umeme kwa sumaku zilizotolewa katika vipande vya magari makuukuu, na katika kuitia umeme wakaipa ngurumo kubwa. Likembe na ilimba ni ndugu. Katika udugu huo kinachostahili kutazamwa ni kwamba chombo kilichozoea kuvuma, kilipopewa umeme, kiliendelea kuvuma kwa njia nyingine. Haithibitishi kwamba mpiga Casio wa Tandale alikuwa akiiwaza ilimba. Hapana haja awe alikuwa akiiwaza. Inaonyesha kwamba masikio yaliyomsikiliza hayakuhesabu mvumo kuwa ni aibu. Ni masikio hayo hayo yaliyompenda Bi Kidude, aliyefariki Unguja mwaka 2013, kwa ukavu wa sauti ambao hakuna aliyetaka kuulainisha.

Kompyuta ilipoingia, mkwaruzo ulipoteza mwili. Hapakuwa tena na utando wa kuchanika wala koni ya kukatwa, pakabaki hesabu. Kompyuta huipima sauti mara nyingi kwa sekunde, mara 44,100 katika diski za kawaida, na kila kipimo hukiweka katika mojawapo ya ngazi 65,536. Wimbi likizidi ngazi ya juu kabisa, hukatwa kama kwa panga, bila ya ule ulaini wa utepe wa kanda, ambao hukataa kidogo kidogo. Hiyo ni aina ya kwanza na ya wazi. Ziko nyingine ambazo hazina mfano katika mti wala chuma. Ngazi zile zikipunguzwa hata zikabaki 16, wimbi lililokuwa mteremko huwa ngazi za nyumba, na sauti nyororo hupata mchanga. Vipimo vikipunguzwa hata vikawa 8,000 kwa sekunde, kompyuta haiwezi kuijua sauti yoyote iliyozidi mitetemo 4,000. Ile ya 5,000 isipozuiwa mapema, haipotei, hurudi ikiwa imegeuzwa kuwa 3,000. Sauti hukunjwa kama nguo iliyozidi sanduku. Mitetemo iliyokunjwa namna hii hailingani na ile ya asili kwa mara mbili wala mara tatu, ndiyo maana sikio huisikia kuwa ngeni, kama kengele iliyopigwa chini ya maji. Tena sauti mbili zaweza kuzidishwa moja kwa nyingine, ya 300 kwa ya 200, na zitakazotoka ni 500 na 100, wala zile za kwanza hazisikiki tena.

Singeli imejengwa katika ulimwengu huo. Ilizuka Dar es Salaam katika vitongoji kama Manzese, Tandale na Mburahati, ikiurithi mchiriku, na kasi yake hutajwa kuwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na mwaka 2018 ukafuata Poaa wa Bamba Pana. Kwa hizo, muziki wa mtaa mmoja ukafika Ulaya kabla ya kufika katika maktaba nyingi za nyumbani. Njia inayotumika sana ni kuchukua kipande kifupi, mara nyingi cha taarabu, na kukiharakisha. Kipande kikiharakishwa mara mbili kwa njia ya zamani, sauti hupanda kwa daraja nane na mwimbaji huwa kama ndege. Programu mpya zaweza kuongeza kasi bila ya kuipandisha sauti: hukata kipande kuwa chembe ndogo ndogo na kuzipanga upya kwa karibu zaidi. Lakini ikidaiwa kasi kubwa mno, chembe hazishikani vema, na katika viungo vyake hutokea mtetemo wa haraka, kama meno yanayogongana kwa baridi. Waliotengeneza programu hizo waliuhesabu mtetemo huo kuwa upungufu wa kazi yao. Katika singeli ni rangi ya muziki. Kwa njia hiyo fidla ya taarabu, iliyofunzwa unyororo kwa zaidi ya miaka mia moja, imepewa mvumo wa utando.

Kwa historia hii, neno upotoshaji halifai. Asili yake ni kupotoa, na kwa matumizi ya kawaida hupotoshwa ukweli, maneno ya mtu, au kijana mwema. Ndani ya neno mna hukumu kwamba iko njia iliyonyoka ambayo sauti imeiacha. Hukumu hiyo ni ya mhandisi wa santuri, ilifaa kazi yake, na kwake iendelee. Mvumo ni neno zuri kwa ilimba, lakini limekwisha beba kazi nyingine, ya upepo na ya sifa za watu. Mkoromo huishia kwenye sauti nene. Mkwaruzo, ambalo mafundi wa redio na wauza spika wamelitumia bila ya kumwuliza mtu, linataja kinachosikika na halisemi ni kibaya au ni kizuri. Spika mbovu hukwaruza, na mwimbaji hodari huweza kusifiwa kwa sauti ya mkwaruzo. Tena lina kitenzi chake: kukwaruza, kukwaruzwa, kukwaruzisha. Upotoshaji waweza kuachiwa mahali pake, pale ambapo mtambo umeharibu kilichotakiwa kuhifadhiwa.

Tofauti hiyo si ya makamusi peke yake. Kanda za zamani za muziki wa nchi hizi zinahamishwa katika kompyuta, na kazi hiyo hufanywa kwa programu za kusafisha. Programu ya namna hii hupewa mfano wa uchafu, pengine sekunde chache za mwanzo wa ukanda, kisha huondoa kila kinachofanana nao mahali pengine pote. Nyingine hutafuta vilele vilivyokatwa na kukisia vilivyokuwa kabla ya kukatwa. Kwa hotuba au kwa kwaya ni msaada mkubwa. Kwa mchiriku, programu hukisia vilele ambavyo hakuna msikilizaji wa mkesha aliyewahi kuvisikia, ikarudisha Casio ya watoto ambayo wapigaji walifanya kazi ya kuiondoa. Kwa ilimba, mvumo wa utando hufifia pamoja na mvumo wa ukanda, na kinachobaki ni vijiti vitupu, vizuri, vyenye sauti ya kisanduku cha muziki cha Ulaya. Anayesikiliza baadaye hana njia ya kujua kilichotolewa, isipokuwa ukanda wa kwanza umehifadhiwa kama ulivyo na karatasi yake imeandikwa ni mkwaruzo upi ulikuwa wa chombo na upi wa mtambo. Karatasi hiyo yataka mtu anayejua ilimba ikisikika vema husikikaje. Na mtu huyo aghalabu si fundi wa kompyuta, bali ni yule ambaye utando ukichanika hutazama kuta za nyumba, akabandua mwingine, akauziba tundu kabla ya kupiga.